Utafiti wangu wa masters Masasi na Newala: habari ambayo redio haikuitangaza, lakini kila mtu aliisikia

Wakuu, salama humu?

Wakubwa shikamooni. Wadogo, marahaba yenu naitoa hata kama hamjaniamkia. Na wale wa kukaya, watu wa Kusini wenzangu mnaojificha nyuma ya majina ya Kizungu, leo tokeni mkae mbele.

Mimi humu ni msomaji tu, sijawahi kufungua uzi. Leo naufungua kwa sababu jambo hili limenikaa kooni na ni zuri mno kulimeza peke yangu. Yamenitokea mwenyewe, sijahadithiwa. Majina nimebadilisha. Chuo na redio sitavitaja, na atakayenibana kwenye comments atachoka yeye.

Halafu nitajisifu kidogo. Asiyependa apite, barabara ni pana.

Mimi ni Mmakonde wa Newala, mwalimu wa sekondari, nimeolewa Masasi. Niliomba ruhusa kazini nikaenda Dar kusoma masters ya mawasiliano ya umma. Sikuwa na mkopo wala mfadhili. Mfadhili wangu alikuwa mikorosho ya mama yangu, na mama mwenyewe alishatangazia kijiji kizima kwamba mwanawe anakwenda kuwa "daktari wa maneno".

Kwa hiyo kufeli hakukuwepo kwenye mipango. Ningerudi na uso gani?

Mada yangu ilikuwa jinsi redio inavyojenga mtazamo wa wakulima kuhusu miche mipya ya mikorosho. Ile mifupi, inayozaa mapema. Wengine waliigombania, wengine waliikataa katakata, na mimi nilitaka kujua redio imechangia nini kwenye kukubali na kukataa huko.

Nikaanza kuzunguka. Lukuledi, Lisekese, Chiwata, kisha nikapanda juu Newala. Ulikuwa msimu wa kupulizia, kwa hiyo nilihoji watu wenye salfa, ile dawa ya mikorosho, mpaka kwenye nyusi. Unamsalimia mtu, anacheka, unga wa njano unamdondoka. Mimi mtoto wa mikorosho, harufu ile kwangu ni ya nyumbani, sikuona taabu.

Sasa jibu likaanza kujirudia.

"Miche ni mizuri, mwalimu. Ila redio ilisema mabibo yake hayatoi uraka."

Kwa wasiotoka Kusini: bibo ni lile tunda lenyewe ambalo korosho inaning'inia chini yake. Ukilikamua unapata uraka, kinywaji chetu. Wengine wanakunywa kikiwa kitamu, wengine wanakiacha kichachuke kwanza, na hao tusiwataje maana wengine ni wazee wangu wa karibu.

Mtu akiambiwa shamba lake halitatoa uraka, hata kama korosho zitajaa maghala, moyo unasita. Mimi namuelewa.

Chiwata walisema hivyo. Lisekese hivyohivyo. Lukuledi kuna mama mmoja akaniambia mpaka msomaji aliyeisoma, yule mwenye sauti nzito, na kwamba ilikuwa kwenye taarifa ya habari, si kwenye matangazo ya biashara. Aliapa.

Wakuu, nilifurahi! Mtafiti gani asingefurahi? Nimekuja kutafuta nguvu ya redio, nimeikuta imekaa barazani inanisubiri. Nikaandika sura ile kwa mikogo yote, nikamtumia supervisor wangu.

Akanijibu kwa mstari mmoja. Nilete rekodi ya habari hiyo.

Nikaona si tatizo. Nikaenda redioni. Walinipokea vizuri, wakanipa kiti na vile vya kuvaa masikioni, wakaniachia habari zao zote za msimu ule na uliotangulia. Nilisikiliza mpaka masikio yakawa yanawaka.

Haikuwepo.

Si kwamba ilifutwa. Haikuwahi kusomwa. Kibaya zaidi, nilikuta kipindi ambacho mtaalamu wa kilimo anaeleza kwa utulivu kabisa kwamba mabibo ya miche ile yana maji kama ya mikorosho mingine yote. Redio ilisema kinyume cha kile ambacho watu wanaapa ilisema!

Yule mwenye sauti nzito nilimfuata mwenyewe. Alinitazama kama vile nimemsingizia mtoto wa nje.

Nikarudi Dar kwa supervisor wangu. "Shikamoo Dokta." Akaitika marahaba bila kuinua kichwa, na hapo nikajua siku yangu imeharibika.

Dokta alikuwa mtu mpole, lakini siku ile upole ulikaa pembeni. Akasema mambo haya yana njia mbili tu. Ama nimekaa mahali nikapika data, ama watu wangu hawaelewi wanachokisikia. Kwa vyovyote, data hizo haziwezi kuingia kwenye thesis. Nitafute maelezo yenye ushahidi, au nianze mada mpya.

Kuanza upya maana yake ruhusa yangu ya kazini inaisha kabla sijamaliza. Ningerudi darasani mikono mitupu, na mama akiwa ameshatangaza.

Lakini nitawaambia ukweli kilichoniuma. Kupika data nilijua sijapika, hilo halikuniumiza sana. Kilichonichoma ni lile la "watu wako hawaelewi wanachokisikia". Yaani sisi? Watu wanaokaa na redio kuanzia asubuhi mpaka betri ilie? Nililia kwenye basi kwa hasira, abiria wa jirani akadhani nimefiwa.

Kumbe alikuwa anaona mbele. Sikukaa sana, mjomba wangu akafariki.

Kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa pembeni. Ukoo tunahesabu kwa mama, kwa hiyo kaka yake mama ndiye nguzo yako. Huyu wangu, nimwite mjomba Likanda, ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka shule siku ya kwanza. Alikuwa mtu mwema mwenye kasoro moja tu: pampu yake ya baiskeli. Angekupa shamba, angekupa mbuzi, pampu hakupi. Alilala nayo.

Nikaacha vitabu, nikapanda Newala.

Siku ya kuanua matanga ndiyo watani walipoingia.

Hapa nisimame kidogo, maana wa mjini siku hizi mnadhani utani ni vichekesho vya kwenye simu. Kwetu utani ni kazi. Kuna utani wa makabila na kuna utani wa koo, na ukoo wetu una watani wake Chiwata tangu enzi za mababu. Msiba wetu bila wao haujakamilika. Wao ndio wanaokuja kumuigiza marehemu, kumtukana, kudai alichowanyima, mpaka wafiwa wacheke kwa nguvu. Na ukikasirika unalipa kuku.

Kiongozi wao alikuwa Mama Issa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Aliingia moja kwa moja chumbani kwa mjomba, akatoka amevaa koti lake na kofia yake ya vito, amekumbatia pampu ya baiskeli kifuani kama mtoto mchanga.

Mama yangu, ambaye tangu msiba uanze hakuwa ameongea, akaguna. Kisha akaanza kucheka na machozi yanamtoka.

Mama Issa akapanda juu ya kinu kilichogeuzwa, akaiweka pampu mdomoni kama kipaza sauti. Akapiga mlio wa redio kwa ulimi. Kisha akabadilisha sauti.

Wakuu, ilikuwa ile sauti nzito. Ileile! Vituo vyake, kikohozi chake kidogo kabla ya habari za kimataifa, kila kitu.

"Newala. Habari zilizotufikia punde zinasema Mzee Likanda amefika salama, lakini amegoma kupita getini mpaka ahakikishiwe kuwa pampu yake haitaazimwa na mtu. Mazungumzo yanaendelea."

Watu wakalala chini kwa kucheka. Mimi pia. Nilicheka mpaka nikasahau kwamba nina shida zangu, na sikuunganisha chochote. Nawaambia ili msije mkanipa akili nisizokuwa nazo siku ile.

Matanga yakaisha, nikashuka Masasi. Kwa kuwa nilikuwa bado nabembeleza data zangu, nikaenda Lisekese kurudia mahojiano na mzee mmoja, Baba Sharifa, mkulima makini sana, mtu wa msikitini, asiyependa mzaha.

Nikamwamkia, tukakaa. Kabla sijatoa maswali yangu akanipa pole ya safari, akasema:

"Lakini huko kwenu Newala mmezidi ukali, Mama Nasra. Eti kuazima pampu ya baiskeli sasa ni kosa?"

Nikamuuliza amepata wapi hilo.

"Redio ilisema. Kuna mzee kafariki akidai pampu yake, ndipo halmashauri ikapitisha sheria. Si nimesikia!"

"Ulisikia kwa masikio yako, baba?"

"Mimi redio yangu mbovu. Shemeji yangu wa Chiwata ndiye alisikia. Ila ni taarifa ya habari hiyo, si maneno ya vijiweni."

Jamani, nywele zilinisimama!

Kwa sababu habari hiyo mimi nilikuwepo ikizaliwa. Niliiona ikitoka kwenye mdomo wa pampu. Na sasa imeteremka kutoka juu Newala mpaka Lisekese, njiani imeokota halmashauri, imeokota sheria, na imefika imevaa suti ya taarifa ya habari.

Nilimuaga Baba Sharifa vibaya, hata chai sikumaliza. Bodaboda, Chiwata, moja kwa moja kwa Mama Issa.

Nilimkuta anabangua korosho nje ya nyumba yake. Sikuzunguka. Nikamuuliza kama aliwahi kusema kitu msibani kuhusu mabibo ya miche mifupi.

Akacheka mpaka akaweka korosho chini.

"Si msiba wa Baba Asumini! Yule bwana alikuwa hapiti penye uraka bila kusimama. Nikavaa kofia yake, nikasoma habari: wananchi msilie, marehemu kaondoka kwa wakati, maana inakuja mikorosho mifupi ambayo mabibo yake hayatoi uraka, angeishi vipi? Watu walicheka mpaka sheikh alifunika uso."

Nikamwambia kwamba watu wamekataa miche kwa sababu ya maneno yale. Akaacha kucheka. Akanitazama vizuri, akaniambia neno ambalo nimelinukuu kwenye thesis yangu kama lilivyo:

"Mimi nasema nikiwa nimevaa kofia ya marehemu. Kila anayeniona anajua ni utani. Anayekwenda kulisema kwingine bila kofia, huyo mkamuulize mwenyewe."

Basi. Nilikuwa nimeipata.

Watu wetu walikuwa wanaelewa vizuri sana wanachokisikia. Pale msibani hakuna hata mmoja aliyedanganyika. Ila maneno yalipotoka pale, kofia ilibaki nyuma na sauti ya redio ikaendelea na safari. Na kwa kuwa sisi redio tunaiamini, kila aliyepokea alipokea na muhuri wake. Redio ilikuwa inajenga mtazamo wa watu hata kwa maneno ambayo haijawahi kuyatamka!

Hebu niambieni, hiyo si nguvu kubwa kuliko niliyokuwa naitafuta?

Nikaanza kazi upya, safari hii kwa furaha. Kila aliyesema "redio ilisema" nilimfuata aliyemwambia, na aliyemwambia huyo, na mwingine tena. Njia zikawa zinarudi misibani. Zikawa zinaishia penye kofia. Mama Issa alikubali kurekodiwa kwa sharti la utani: nimletee kuku, na nikiri mbele ya jirani zake kwamba watu wa Newala ni wachoyo wa pampu. Nilikiri.

Siku ya kuondoka kurudi Dar nikamuomba kitu kimoja. Ile kofia ya mjomba, aliyoichukua kama haki yake ya mtani. Aliniazima. Akasema kwa mzaha, "Mjomba wako asingekuazima."

Sasa defence.

Wale ambao hamjawahi kukaa mbele ya jopo, ombeni Mungu. Niliwaeleza sura zote vizuri, lakini nikawa naona nyuso hazifunguki. Dokta wangu anazungusha kalamu mkononi. Kisha examiner wa nje, mama mmoja mwenye miwani, akauliza swali lenye sukari juu na pilipili chini:

"Kwa hiyo mwanafunzi, utafiti wako unahusu vyombo vya habari au unahusu misiba?"

Kuna waliocheka.

Nikafungua mkoba, nikatoa kofia ya mjomba Likanda, nikaivaa. Mbele ya maprofesa, nikiwa na hijabu yangu, kofia juu yake. Nikapiga mlio kwa ulimi, nikachukua ile sauti nzito niliyokuwa nimefanya mazoezi nyumbani mpaka mume wangu akanikimbia.

"Dar es Salaam. Chuo kimeamua kuwa kuanzia muhula ujao wahadhiri wote watahamishiwa Newala kwa lazima."

Chumba kikacheka, hata Dokta.

Nikavua kofia. Nikaiweka mezani taratibu. Nikasema maneno yaleyale, kwa sauti ileile, nikiwatazama machoni.

Hakuna aliyecheka.

Profesa mmoja wa pembeni, mzee wa watu, akainama kwa jirani yake akamuuliza kwa sauti ambayo sote tuliisikia, "Hiyo imetoka lini?"

Yule mama wa miwani alicheka mpaka akavua miwani kuipangusa. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akasema, "Swali langu limejibiwa."

Nimepita na marekebisho madogo. Madogo kweli, ya vituo na nukta!

Nje ya chumba Dokta alinifuata. Akanipa mkono, akasema, "Mwalimu, watu wako wanasikia vizuri kuliko nilivyodhani. Mimi ndiye nilisikia vibaya." Nilimjibu kwa heshima zote, lakini moyoni nilikuwa nacheza ngoma mpaka vumbi linapaa. Ningekuwa na pampu ya mjomba ningeipandisha juu kama kombe.

Nilifurahi kwa ajili ya digrii, ndiyo. Lakini zaidi nilifurahi kwa sababu watu wa salfa kwenye nyusi wamo ndani ya kitabu cha chuo, na hawamo kama wajinga.

Nilipopanda nyumbani mama alikuwa ameshapika kwa mtaa mzima, mpaka ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, ilichemshwa. Na watani wakaja, hawakualikwa wala hawahitaji kualikwa. Mama Issa alinipokonya kofia ya mahafali kichwani, akaivaa yeye, akapanda kwenye kinu kilekile.

"Newala. Tunasikitika kutangaza kifo cha ujinga wa Mama Nasra, kilichotokea chuoni baada ya kuugua kwa muda mrefu. Marehemu ameacha ndugu wengi, ambao bado wako hai na afya njema hapahapa Newala."

Kuku wa kulipa sikuwa nao, kwa hiyo nilicheka tu. Mama alicheka kuliko wote, akijifuta macho kwa upindo wa kanga. Halafu akanishika mkono na hakuniachia mpaka wageni wanaondoka.

Nilichojifunza, nakisema kwa lugha nyepesi. Ukisikia "redio ilisema", "TV ilisema", au siku hizi "nimeona kwenye group", usikimbilie kumwita mtu mjinga, na usikimbilie kuamini. Rudi nyuma polepole, umuulize aliyemwambia. Mahali fulani kuna mtu alikuwa amevaa kofia, na kuna mwingine aliyeiacha njiani. Na nyie mnaotengeneza habari redioni, jueni kwamba sauti zenu zinatembea hata mkiwa mmelala. Kuhusu miche, nimewaomba watu wa redio wakae na Mama Issa, asome yeye mwenyewe kwamba uraka upo. Wamekubali, na yeye amekubali kwa sharti la kuku.

Juzi nilikuwa stendi ya Masasi nasubiri gari. Baba mmoja muuza vocha, ananifahamu kwa sura tu tangu nafundisha, akaniita kwa adabu, akavua kofia yake.

"Mwalimu, pole sana na msiba. Nimesikia kwenye taarifa ya habari, kuna mtu wenu kafariki huko Newala, kaugua muda mrefu."

Nilimtazama. Nikafikiria kumueleza, nikaona gari langu linakuja.

"Ahsante baba," nikamwambia. "Tumeshampumzisha, na tumeshapoa."

Haya wakuu, uwanja wenu. Tajeni habari moja mnayoapa "ilitangazwa", na aliyekuambia wewe ni nani. Wa Chiwata mkija na matusi yenu, kuku sina.